Kumkalisha Baba

Ngozi nyeusi ikianza kufa haiwi nyekundu. Hilo nililijua kwa kumtazama baba yangu, si kwa kusoma, kwa sababu kitabu nilichosomea ualimu wa baiolojia kilikuwa na picha za watu weupe, na sehemu iliyogandamizwa kwenye picha hizo ilikuwa imeiva kama nyanya. Ya baba haikuiva. Ilikuwa nyeusi kidogo kuliko weusi wa pembeni yake, juu tu ya mfupa wa mkia, na iling'aa kama iliyopakwa mafuta. Niliigusa kwa nyuma ya kiganja nikahisi joto. Baada ya siku chache joto liliondoka, pakawa pa baridi na pagumu, na hapo nikajua kwamba tumechelewa.

Alikuwa ameanguka kutoka juu ya mkokoteni wa ng'ombe, huko kwetu Nkoma, msimu wa kuuza pamba. Mzee wa umri wake hakuwa na sababu ya kupanda juu ya magunia, vijana wa kuyakalia walikuwepo tele. Lakini yeye alipenda kufika kwenye mzani akiwa juu, watu wamwone na pamba yake. Ndivyo alivyokuwa tangu nimfahamu, mtu wa kuonekana amekaa vizuri. Ng'ombe mmoja akaingiza mguu kwenye korongo, mkokoteni ukainama, baba akatangulia chini na gunia likamfuata. Uti wa mgongo ukavunjika.

Hospitali tulikompeleka walimhudumia kwa moyo, kisha wakatuambia ukweli bila kuuzungusha: kuanzia kiunoni kwenda chini hatasikia tena, wala hatatembea. Wakatupa na onyo. Tusimwache kwa namna moja kwa muda mrefu. Tumgeuze kila baada ya saa mbili, ubavu huu, ubavu ule, na tusimkalishe kitandani kwa kumwegemeza mito, maana hapo ndipo ngozi ya mkiani inapoharibika. Mimi niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi anayejua jibu. Nilikuwa najua kweli. Nilidhani kujua kutatosha.

Nilimchukua kwangu Bariadi kwa sababu hospitali ya mkoa iko karibu. Mama alishafariki zamani, na mimi naishi peke yangu kwenye nyumba ya kupanga, karibu na shule ninakofundisha. Pamoja naye alikuja baba mdogo, mdogo wake wa mwisho, ambaye aliacha mpunga wake shambani ili awe ananisaidia kumwinua. Baba mdogo ni mtu wa masihara, anayeweza kumchekesha hata mtoza ushuru. Nampenda sana, na katika miezi ile nilimchukia kuliko mtu yeyote.

Shida yetu ilikuwa ni salamu.

Msomaji ambaye hajakaa na wakulima wa kwetu atadhani natania. Kwetu salamu si neno la kutupa mlangoni na kupita. Mgeni anafika, mwanamke anapiga magoti, mwanamume anainama, wanasema mwangaluka kama ni asubuhi, mwadila kama ni jioni, na mwenye nyumba anaitikia. Halafu inaanza kazi yenyewe: nyumbani mhola? Watoto mhola? Ng'ombe je? Mvua huko kwenu? Kila swali linajibiwa kwamba ni mhola, yaani salama, hata kama nyumba iliungua jana, na baada ya hapo ndipo mtu anaelezwa jinsi ilivyoungua. Na mzee anayesalimiwa anakuwa amekaa. Baba alilishika jambo hilo kuliko alivyoshika mafundisho ya kanisani. Mtu anayepokea salamu akiwa amelala chali, alisema, huyo anaagwa, hasalimiwi.

Kwa hiyo kila mlango ulipobishwa, sauti yake ilitoka chumbani: "Nikalisheni."

Baba mdogo alikuwa ameshamfikia. Anampitishia mikono kwapani, anamvuta juu, anamsukumia mito mgongoni, anamfunika miguu kwa blanketi na kumvalisha kofia. Baba anakuwa mtu. Mgeni anaingia, anapiga magoti, wanaulizana ng'ombe. Mgeni huyo hajaondoka, anaingia mwingine, nao wanaanza upya. Jumapili baada ya ibada walikuja kwa basi na bodaboda kutoka Nkoma, wengine hata kutoka Bukundi alikokuwa na marafiki wa mambo ya ng'ombe, na baba alikaa vile kuanzia wageni wa kwanza hadi jua linapoa. Alikuwa anateleza kidogokidogo. Hakujua kwamba anateleza, kwa sababu hakusikia kitu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai, nikitazama kofia yake ikishuka kwenye ukuta, na moyoni nilikuwa napiga kelele.

Nilijua kinachoendelea chini ya blanketi. Mfupa wa mkia unashuka na uzito wa mwili, ngozi imenasa kwenye shuka, na katikati yao ile mishipa midogo ya damu, myembamba kuliko unywele, inavutwa upande na kukunjika kama mpira wa kumwagilia mchicha uliokanyagwa. Damu haipiti. Mtu mzima wa afya hapati kidonda kwa kukaa kwenye benchi la kanisa kwa sababu mwili wake haunyamazi. Ngozi ikianza tu kubanwa, neva zake zinaiambia mishipa ijipanue, damu ipenye kabla mbano haujawa mkubwa. Ukizidi, mtu anaumia, anahamisha makalio bila hata kuacha kusikiliza mahubiri. Na damu ikirudi, inapita kwa kasi, inausugua ukuta wa mshipa kwa ndani. Ukuta ule una tabaka moja tu la seli, na seli zile zinausikia msuguo. Zinatoa kemikali ya kuilegeza misuli ya mshipa, mshipa unafunguka zaidi, na sehemu iliyokuwa na njaa inalishwa.

Haya nimeyafundisha miaka mingi. Kwa baba yangu mazungumzo hayo yalikuwa yamekatika. Mishipa ilikuwepo, seli zilikuwepo, ila neva zilizokuwa zinaiamuru ijiandae hazikuwa zinaiamuru kama zamani, na mwenye mwili hakuwa na maumivu ya kumwambia ajisogeze. Alibaki anabanwa kama mzigo.

Nilijaribu kumweleza baba mdogo tukiwa tunaosha vyombo uani.

"Damu ikipita, mshipa unausikia mpito wake," nilimwambia. "Unajua kama inapita kwa kasi au imesimama."

"Mshipa unasikia?"

"Unasikia."

"Na kaka hasikii."

"Hasikii."

Alisuuza sufuria, akaigeuza juani, akaniita mama kama kwetu wanavyowaita mabinti. "Sasa mayu, hiyo mishipa inasikia halafu inamwambia nani?"

Niliendelea kusugua sahani. Akacheka kidogo, si kwa kejeli, akasema basi tumwombee.

Kidonda kilipopasuka, ilibidi mimi ndiye nikisafishe. Muuguzi alinifundisha hospitalini, na baba mdogo alikataa katakata, alisema mikono yake ni ya jembe. Binti kumfunua baba yake sehemu ile ni jambo ambalo kwetu halisemeki, achilia mbali kulifanya. Baba alikubali kwa sharti moja ambalo hakulitamka. Kila nilipoingia na beseni la maji ya chumvi na vitambaa vya kufungia kidonda, alivuta kitenge cha marehemu mama akajifunika uso mpaka nimalize. Hatukuwahi kulizungumzia. Nilikuwa nazungumza na kidonda, nakiuliza kwa sauti ya chini kama kimepungua, nakisifu, nakitukana.

Hatimaye nilitoa amri. Nilisema kuanzia sasa wageni watamsalimia akiwa amelala ubavu, uso unaelekea mlangoni, na asiyetaka abaki na salamu zake. Nilisema kwa ukali wa darasani. Baba mdogo alinitazama kama niliyevua nguo sokoni.

Mgeni wa kwanza baada ya amri ile alikuwa mzee mmoja wa kanisa kutoka Nkoma, mtu mstaarabu, mwenye koti la kijivu hata wakati wa joto. Nilimweleza mlangoni, akaelewa, akaingia, akainama vizuri.

"Mwangaluka, ng'waniwetu," akasema, yaani ndugu yetu.

Baba alikuwa amelala ubavu, macho wazi, anamtazama. Hakuitika.

Mzee akarudia. Baba akageuza uso upande wa ukuta. Ilikuwa ni kazi ngumu kwake kugeuza shingo kiasi kile, naamini ilimuuma, lakini aliigeuza. Mzee wa kanisa alisimama kidogo, akavua kofia, akasali sala fupi kwa sauti ya chini, akatoka huku anafuta macho. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Aliamini kwamba baba ameshapoteza kauli.

Habari ilifika Nkoma kabla yake. Kesho yake walianza kumiminika. Walikuja hata wasiomjua sana, walikuja na kuku, na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na shangazi mmoja alikuja analia tangu stendi. Mtu aliyepoteza kauli anakaribia kwenda, na mtu anayekaribia kwenda hawezi kuachwa bila kuonwa. Chumba kilijaa, uwanja ukajaa, na baba aliposikia sauti zote zile alisema, kwa sauti ya mtu mwenye kauli yake yote: "Nikalisheni."

Baba mdogo alimkalisha. Watu walishangilia. Wanawake walipiga vigelegele pale pale chumbani, shangazi akacheka na kulia kwa pamoja, na baba akaanza kupokea salamu moja baada ya nyingine, anauliza ng'ombe wa huyu na pamba ya yule, kofia imekaa sawasawa. Sikumbuki siku nyingine tangu aanguke ambayo alikuwa na furaha kiasi kile. Mimi nilikwenda jikoni nikakaa kwenye kiti kifupi, nikalia kwa hasira. Niliichukia adabu yetu yote. Niliwachukia wote waliopiga magoti mbele yake, kila goti moja moja.

Jioni nilipokifungua kidonda, kilikuwa kimechimba kwa ndani. Juu kilikuwa na tundu dogo, lakini kijiti cha pamba nilichopenyeza kilizama pembeni chini ya ngozi, na nikahisi kinagonga kitu kigumu. Muuguzi alinithibitishia kwamba ni mfupa.

Basi nikafunga geti. Niliwaambia watu wote kwamba daktari amekataza wageni, jambo ambalo lilikuwa karibu na ukweli. Baba mdogo nilimpa kazi ya kukaa nje na kuwarudisha, na alikuwa anawarudisha kwa aibu kubwa, akiwapa chai pale pale kwenye mchanga. Ndani tulibaki na saa ya simu. Ikilia, tunamgeuza. Ikilia tena, tunamgeuza tena. Alasiri niliporudi kutoka shuleni nilikwenda moja kwa moja kufunua blanketi nikague kidonda.

Na kidonda kikaanza kujibu. Sisemi uongo, kilijibu. Chini, palipokuwa na rangi ya majivu, palitokea vinundu vyekundu vidogo vidogo, vinyevu, vinavyotoa damu ukivigusa vibaya. Hiyo ni mishipa mipya. Pale mbano ulipoondoka, damu ilipita kidogo, seli zikausikia mpito wake, mishipa ikachipua matawi kuelekea kwenye nyama iliyokufa. Niliita kwa furaha, nikamwambia baba chini ya kitenge chake: baba, mishipa inaota. Hakujibu. Nilifikiri hajanisikia.

Alikuwa ameacha kula. Mwanzoni alisema uji ni mwingi, halafu akasema mayai yananuka, halafu akawa hasemi, anafunga mdomo tu. Muuguzi alikuwa amenisisitizia mayai na maziwa, maana nyama haioti bila chakula. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikakaa pembeni ya kitanda na bakuli la maziwa ya mgando hadi likapata joto. Siku moja alilisukuma bakuli kwa mkono, akaongea bila kunitazama.

"Mtu halishwi peke yake kama ndama aliyefiwa na mama yake."

"Kula, baba. Kidonda kinapona."

"Nani yupo nje?"

"Hakuna mtu."

"Yupo. Nimesikia bodaboda."

Alikuwepo. Alikuwa jirani yake wa shamba, amekuja kumwambia kwamba mvua za kwanza zimenyesha. Baba mdogo alimrudisha bila kumruhusu amwone baba. Nilipomweleza baba, alifumba macho, na siku hiyo hakumeza hata maji. Vile vinundu vyekundu vikaanza kupauka. Ninajua vinavyopauka, vinakuwa kama fizi za mtu mwenye upungufu wa damu, na hakuna dawa niliyoweka ikavirudisha.

Hapo ndipo nilipoiona hali yetu yote, na sikuona mlango. Akikaa na watu anakula, na mfupa unamla. Akilala peke yake mishipa inafunguka, na hakuna cha kupitisha ndani yake. Nilikaa kwenye ofisi ya walimu na rundo la madaftari mbele yangu nikijaribu kutafuta njia ya tatu. Niliuliza daktari, akasema tufanye tunavyoweza. Nilimuuliza baba mdogo kama wageni wanaweza kula na baba akiwa amelala kifudifudi, sinia likawekwa sakafuni. Alinijibu kwa upole kwamba baba si mbuzi.

Nikafungua geti. Walirudi. Baba alikalishwa, akala ugali na mlenda na jirani wa shamba, wakacheka kitu kuhusu dume fulani la zamani lililokuwa linaogopa treni ingawa halijawahi kuiona. Nilikuwa namsikia akicheka, na kwenye kila kicheko nilikuwa nauona mfupa ukiteleza. Nilijitahidi kumsogeza kila baada ya muda, naingia na kisingizio cha mto, cha blanketi, cha chai. Alinivumilia. Kidonda hakikunivumilia.

Mvua zilipochanganya, homa ilianza. Ilikuwa inapanda mchana na kumtetemesha, meno yanagongana, kisha inaondoka na kumwacha amelowa. Hospitali ya mkoa walimlaza, wakampa dawa za mshipa, na daktari kijana aliyekuwa zamu akaniita pembeni. Alisema maambukizi yameingia kwenye mfupa na kwenye damu. Alikuwa anatafuta maneno ya kunielewesha, hakujua kwamba mimi ndiye mwalimu wa somo hilo. Nilimwacha aeleze mpaka mwisho. Kisha tukamrudisha nyumbani, kwa sababu baba aliomba kurudi, na kwa sababu hakuna aliyekuwa na sababu ya kukataa.

Baba mdogo aliamka asubuhi iliyofuata akaenda stendi kuwapokea watu wa Nkoma. Safari hii mimi mwenyewe ndiye niliyewaita. Nilikuwa nimeamua kwamba atakaa, akae anavyotaka, awapokee wote, na mimi nitashika mito kwa mikono yangu. Nilipasha maji, nikapiga pasi kanzu yake, nikatafuta kofia. Chumbani alikuwa amelala ubavu wa kushoto, kama nilivyomweka. Macho yalikuwa wazi na yametulia, homa imeshuka.

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Nilitaka nimsalimie kwanza, halafu nimkalishe ndipo aitikie, kama ilivyo desturi yake.

"Mwangaluka, baba."

Nilishanyoosha mikono kumpitishia kwapani.

"Mwangaluka, mayu," akaitika. "Mhola?"

Aliitika pale pale alipolala. Hakuomba kuinuliwa. Nilisubiri aseme nikalisheni, nikiwa nimemshika, na kichwa chake hakikunyanyuka kwenye mto. Ilikuwa ndiyo namna niliyokuwa nimemwamuru kwa miezi yote ile, ubavu, uso mlangoni, mgongo hauguswi na kitu. Nikakumbuka maneno yake kuhusu mtu anayeagwa, nikaondoa mikono yangu taratibu.

"Mhola, baba," nikamwambia.

Nje nilisikia bodaboda zinafika, na baba mdogo anawakaribisha watu kwa sauti ya juu, anawaambia waingie, mzee atakalishwa sasa hivi.